Nzi Wanyang'anyi wa Nusufamilia ya Laphriinae: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo watu huuliza wanapokutana na nzi mkubwa mwenye manyoya, aliyetua kwenye mti mkavu akiwa amemkumbatia mdudu mwingine. Majibu yamejikita katika nusufamilia moja ya nzi wanyang'anyi, yaani Laphriinae, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu wengi zaidi, wakiwemo baadhi ya wale wenye mazoea ya kutazama wadudu.

Laphriinae ni akina nani hasa?

Ni tawi la familia ya Asilidae, ambayo ni familia ya nzi wawindaji. Familia nzima ina zaidi ya spishi 7,500 zilizokwisha kuelezwa na wataalamu, na hupatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Jina la familia lilitolewa na Mfaransa Latreille mwaka 1802, mwaka uliofuata Meigen akaanzisha jenasi ya Laphria, na mwaka 1838 Macquart akaitambua Laphriinae kuwa kundi lenye hadhi yake. Idadi ya nusufamilia imebadilika mara kadhaa tangu wakati huo. Katika uchambuzi alioutoa mwaka 2009, mtaalamu wa nzi Torsten Dikow alipanga familia hii katika nusufamilia 14, na Laphriinae imeendelea kuwa mojawapo ya zile kubwa.

Katika nchi za baridi kundi hili huwakilishwa zaidi na Laphria na Choerades, nzi wa misitu ya misonobari na mialoni. Afrika ina majenasi yake, kama Hyperechia, Proagonistes, Laxenecera na Lamyra. Miongoni mwao Hyperechia ndiye anayestahili kutazamwa kwa makini zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki, na atapewa nafasi yake hapo chini.

Nitajuaje kwanza kwamba niliyemwona ni nzi mnyang'anyi?

Mtazame kichwa kwa mbele. Macho mawili makubwa yametuna pande mbili, na katikati yake, juu ya kichwa, kuna bonde. Ndani ya bonde hilo kuna kijikilima kidogo chenye macho sahili matatu. Bonde hili ni alama ya kuaminika kuliko rangi, ukubwa au umbo la tumbo, na huonekana hata katika picha ya simu iliyopigwa kwa utulivu. Macho hayo hayagusani, awe nzi dume au jike, tofauti na vipanga wanaouma ng'ombe, ambao madume yao huwa na macho yaliyokutana juu ya kichwa.

Alama ya pili ni masharubu, yaani fungu la nywele ngumu lililoota usoni juu ya mdomo. Inaaminika kwamba nywele hizo humkinga usoni dhidi ya miguu na mabawa ya windo linalojitetea. Chini ya masharubu hutokea mrija mgumu, mfupi na wenye ncha, ambao hauwezi kulamba chakula jinsi nzi wa nyumbani anavyofanya. Miguu nayo ni imara, yenye nywele ngumu za kushikia. Ukiona bonde, masharubu na mrija vikiwa pamoja, una uhakika wa familia na unaweza kuendelea kutafuta nusufamilia.

Ni alama zipi zinazowatenga Laphriinae na nusufamilia nyingine?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu hutafuta manyoya wakati jibu liko kwenye vipapasio na mishipa ya mabawa. Ni vizuri kuwa na lenzi ya kukuzia mara kumi, au picha kubwa ya ubavuni iliyo wazi.

Anza na vipapasio. Kila kipapasio kina vipande viwili vifupi vya chini, kisha kipande kirefu cha tatu. Katika nzi wa nusufamilia ya Asilinae, mwishoni mwa kipande hicho huchomoza kijiti chembamba mithili ya unywele, ambacho huonekana waziwazi. Katika Ommatiinae kijiti hicho kina nywele ndogo zilizopangika kama unyoya. Katika Laphriinae kijiti hakipo, au kimebaki kuwa kinundu kidogo tu, hivyo kipapasio huishia kwa kipande kinene, aghalabu chenye umbo la rungu au la jani jembamba. Ukitazama alama moja tu, iwe hii.

Hatua ya pili ni bawa. Karibu na ukingo wa mbele wa bawa kuna mshipa ambao wataalamu huuita R1, na nyuma yake kuna mwingine uitwao R2+3. Nafasi iliyo kati yao ni chumba cha ukingo. Katika Laphriinae mshipa wa nyuma hupinda na kuungana na ule wa mbele kabla haujafika kwenye ukingo wa bawa, kwa hiyo chumba hicho hufungwa. Katika Dasypogoninae, Stenopogoninae, Leptogastrinae na jamaa zao, mshipa huo hufika wenyewe kwenye ukingo na kukiacha chumba kikiwa wazi. Asilinae na Ommatiinae pia wana chumba kilichofungwa, na ndiyo maana alama ya bawa peke yake haitoshi. Unganisha zote mbili: chumba kimefungwa na kipapasio hakina kijiti. Mara nyingi muungano huo unatosha kukufikisha Laphriinae.

Zipo alama za kuthibitisha. Ubavuni mwa mrija kuna viungo viwili vidogo viitwavyo palpi, na katika Laphriinae walio wengi kila kimoja kina vipande viwili, ilhali katika Asilinae kina kipande kimoja. Muundi wa mguu wa mbele hauna ule mwiba uliopinda mwishoni ambao hupatikana kwa Dasypogoninae wengi. Jike wa Laphriinae hana taji la miiba kwenye ncha ya tumbo, taji ambalo majike wa baadhi ya nusufamilia nyingine hulitumia kuchimba mchanga wanapotaga mayai. Alama hizi tatu zinahitaji mdudu aliye mkononi au chini ya darubini, na mwenye picha peke yake asihangaike nazo.

Je, kila nzi mnyang'anyi mwenye manyoya mengi kama nyuki ni Laphriinae?

Hapana, na hili ndilo kosa linalojitokeza zaidi katika picha zilizowekewa majina mitandaoni. Mfano ulio wazi ni Mallophora, jenasi ya bara la Amerika. Wana manyoya mazito ya njano na meusi, wanakamata nyuki, na mtu akiwatazama kwa haraka atawahesabu kuwa Laphria bila kusita. Hata hivyo kipapasio chao huishia kwa kijiti chembamba, kwa hiyo ni Asilinae. Vazi la nyuki limejitokeza zaidi ya mara moja katika familia hii, katika koo zisizo na ukaribu, na mtu anayetambua kwa kutazama vazi anajitia katika mtego uleule uliokusudiwa kuwanasa ndege.

Kosa la kinyume chake ni baya zaidi kwa sababu huwaficha Laphriinae halisi. Si wote wenye manyoya. Atomosia wa Amerika ni wadogo, chini ya sentimita moja, wana mwili mgumu wenye vishimo vidogovidogo na karibu hawana manyoya ya kuonekana. Anayetafuta sura ya nyuki atawapita bila kugeuka, lakini kipapasio na bawa vinawaweka katika nusufamilia hii. Nao Hoplistomerus wa Afrika, ambao hupatikana karibu na mavi ya wanyama wakiwavizia wadudu wanaoyajia, hawana lile joho la manyoya ambalo vitabu vingi vya picha hulionyesha kuwa ndiyo sura ya Laphriinae.

Nimeona nyuki seremala ametulia muda mrefu kwenye boriti. Anaweza kuwa Hyperechia?

Inawezekana, na swali hili linastahili jibu refu.

Nyuki seremala ni wale nyuki wakubwa wa jenasi ya Xylocopa ambao hutoboa mashimo ya duara kwenye mbao, kwenye boriti za nyumba na kwenye matawi makavu ya miti. Wakazi wa pwani na bara huwajua vizuri, kwa sababu unga wa mbao uliodondoka chini ya paa huwaonyesha walipo. Hyperechia ni nzi wa Laphriinae aliyefanana nao kwa kiwango kinachoshangaza: mwili mzito mweusi, mabawa yenye giza na mng'ao wa buluu au wa zambarau, tumbo pana lililobapa, na miguu ya nyuma yenye manyoya mengi yanayofanana na yale ambayo nyuki hubebea chavua. Spishi nyingine zina mikanda ya manyoya ya rangi ya mwanga kifuani au tumboni, kama ile ya majike wa nyuki seremala wanaoishi nao sehemu moja.

Ili kuwatofautisha, usianze na mabawa ingawa kila kitabu husema nzi ana mawili na nyuki ana manne. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini bawa la nyuma la nyuki hushikamana na la mbele kwa vikulabu vidogo, na akiwa ametua yote mawili huonekana kuwa bawa moja. Tazama uso. Nyuki seremala ana vipapasio virefu vilivyopinda kama kiwiko, vyenye vipande 12 kwa jike na 13 kwa dume. Hyperechia ana vipapasio vifupi, vinene, vya vipande vichache, vilivyoelekea mbele. Nyuki ana taya zinazokutana mbele ya mdomo, ambazo ndizo anazotobolea mbao. Nzi ana ndevu na masharubu, na kati yake mrija mgumu. Juu ya kichwa, nyuki hana bonde.

Mwenendo nao unasaidia sana, pengine kuliko sura ukiwa mbali. Nyuki seremala aliye kazini huenda kwenye maua au kwenye tundu lake, na dume wake huelea hewani akilinda eneo. Hyperechia hukaa kimya juani kwenye tawi kavu au kwenye nguzo, akigeuza kichwa kufuata chochote kinachopita, kisha huruka ghafla na mara nyingi hurudi palepale au karibu yake. Nyuki anayetulia muda mrefu bila kutoboa, bila kuingia tunduni na bila kujali maua yaliyo jirani anapaswa kukutia shaka.

Uhusiano wao hauishii kwenye sura. Mabuu wa Hyperechia huishi ndani ya mashimo ya nyuki seremala na hula watoto wa nyuki hao. Kwa hiyo nzi mzima anaonekana jirani na viota kwa sababu ya msingi, na boriti yenye matundu mengi ndiyo mahali pa kumtafuta. Mwanzoni mwa karne ya 20, Edward Poulton wa Chuo Kikuu cha Oxford alikusanya taarifa nyingi kuhusu nzi hawa na mawindo yao kutoka kwa watu waliokuwa Afrika, na tangu hapo Hyperechia na Xylocopa wamekuwa mfano maarufu katika mijadala ya mwigo wa sura miongoni mwa wadudu.

Kwa nini wafanane na nyuki na nyigu?

Maelezo yaliyozoeleka ni yale yaliyotokana na Henry Walter Bates mwaka 1862: kiumbe asiye na silaha huokoka kwa kufanana na mwenye silaha. Ndege aliyewahi kuchomwa na nyuki humwacha pia nzi anayefanana naye. Maelezo mengine husema kwamba vazi hilo humwezesha nzi kulisogelea windo bila kushtukiwa.

Kwa maoni ya mwandishi, maelezo ya kwanza yana uzito mkubwa zaidi kwa Laphriinae walio wengi. Laphria, ingawa wamevaa kama nyuki bambi wa nchi za baridi, huwinda sana mbawakawa, ambao hawana sababu ya kujali kama aliye jirani anafanana na nyuki. Mfano mwingine ni Laphria saffrana wa Marekani, anayefanana na malkia wa aina ya nyigu iitwayo Vespula squamosa. Malkia huyo ni mkubwa, ana rangi ya machungwa na mwiba mkali, na nzi aliyevaa sura yake anapata kinga bila kuhitaji kumla. Kwa Hyperechia suala ni gumu kidogo, kwa sababu jike wake lazima avikaribie viota vya nyuki ili kizazi chake kipate chakula, na kufanana na wenye nyumba huenda kukamfaa hapo pia.

Ni wadudu gani wengine wanaochanganywa nao?

Nzi-maua wakubwa wanaofanana na nyuki ndio wanaoongoza. Wao huelea mbele ya maua, hulamba mbochi na chavua, hawana bonde kichwani wala masharubu magumu. Nzi wa familia ya Bombyliidae wana manyoya laini na wengine wana mrija mrefu sana, lakini miguu yao ni myembamba na dhaifu na hawakamati windo. Nzi wa familia ya Mydidae ni jamaa wa karibu zaidi, wana kichwa chenye bonde dogo, ila vipapasio vyao ni virefu na huishia kwa rungu la wazi, na mtu aliyekwisha kuviona mara moja hatawachanganya tena.

Ndani ya familia yenyewe, msomaji wa Afrika Mashariki atakutana mara nyingi na Promachus, ambao ni Asilinae. Ni wakubwa, wenye tumbo refu linalochongoka, na mara nyingi wana michirizi. Kijiti cha kipapasio chao kinaonekana vizuri, na bawa lao lina vyumba vitatu vya nyuma ya ukingo ambapo wengi wa jamaa zao wana viwili. Leptogastrinae hawawezi kumsumbua mtu, kwa kuwa ni wembamba kupita kiasi, huning'inia kwenye majani, na hawana vile vipande laini vinavyokaa chini ya makucha ya nzi wengine.

Wanawinda nini, na wanauaje?

Huvizia wakiwa wamekaa, kwa kawaida mahali penye jua na pasipo majani mengi ya kuzuia kuona, kama gogo lililoanguka, kisiki au ncha ya tawi kavu. Windo hukamatwa hewani kwa miguu yote sita, kisha mrija huingizwa panapolainika: kwenye shingo, machoni, au katika maungio ya mwili. Laphria ambaye amekamata mbawakawa huchoma kwenye mwanya ulio kati ya kifua na tumbo, au chini ya yale mabawa magumu, kwa sababu sehemu nyingine ni ngumu mno. Ukimtazama akila utaona akimgeuza mbawakawa kwa miguu ya mbele na kumchoma tena mahali pengine, mpaka libaki ganda tupu analolidondosha.

Ndani ya mrija kuna sindano inayopitisha mate yenye sumu. Sumu hiyo hulipooza windo katika muda mfupi sana, na vimeng'enya vilivyomo huyeyusha nyama za ndani ili zifyonzwe. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi wa sumu ya nzi wanyang'anyi wa Ulaya wa jenasi za Eutolmus na Machimus, na kundi moja la protini walilolipata likapewa jina la asilidini. Wote hao ni Asilinae.

Kwa ujumla hawachagui sana. Mbawakawa, nyuki, nyigu, nzi wengine, na hata kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua, wote wanaweza kuwa chakula ikiwa ukubwa unaruhusu. Proagonistes, ambao ni miongoni mwa nzi wakubwa kabisa wa Afrika, wanaweza kubeba mawindo yenye mwili mzito.

Mabuu wao wanaishi wapi?

Wengi wao huishi ndani ya mbao zinazooza. Hii ni tofauti kubwa na Asilidae wengine wengi, ambao mabuu yao huishi udongoni. Buu wa Laphriinae ni mrefu, mweupe, hana miguu, ana kichwa kidogo cheusi, naye hupita katika mashimo yaliyochimbwa na mabuu wa mbawakawa na kuwala wenyeji wa mashimo hayo. Laphria flava, ambaye nchini Uingereza huonekana zaidi katika misitu ya misonobari ya nyanda za juu za Uskoti, hukulia katika visiki na magogo ya misonobari, akiwala mabuu wa mbawakawa wenye vipapasio virefu, na ukuaji wake huchukua zaidi ya mwaka mmoja.

Wakati wa kuwa mzima ukifika, pupa, yaani mdudu aliye katika hatua kati ya buu na nzi mzima, hutumia miiba yake kujisukuma hadi nusu ya mwili itokeze nje ya mbao, na hapo ngozi hupasuka. Ganda hilo tupu, la kahawia, lenye miiba kichwani na kuzunguka tumbo, hubaki limechomoza kwenye gogo kwa siku nyingi, na kwa mtafutaji ni ushahidi mzuri kuliko kusubiri nzi apite. Kwa sababu hiyo hiyo, shamba au msitu ambao kila gogo lililolala limeondolewa kwa ajili ya kuni au usafi utakuwa na Laphriinae wachache.

Wanauma watu?

Hawanyonyi damu, hawamfuati mtu wala mnyama, na hawajulikani kueneza ugonjwa wowote. Mtu akimshika kwa vidole anaweza kuchomwa kwa mrija, na maumivu yake ni makali kama ya kuchomwa na nyigu. Asishikwe kwa mkono mtupu.

Mfugaji wa nyuki awaogope? Na mkulima awapende?

Nyuki wa asali huliwa na nzi hawa, hilo halina ubishi, lakini anayeketi karibu na mzinga mmoja huchukua idadi ndogo mno kulinganisha na maelfu walio ndani. Taarifa za hasara ya kweli zinamhusu mdudu mwingine, Mallophora ruficauda wa nyanda za Argentina, anayewasumbua wafugaji wa nyuki huko kwa kuwinda kwa wingi karibu na mizinga. Yeye, kama ilivyoelezwa, ni wa Asilinae. Kumbebesha Laphriinae lawama hiyo ni matokeo ya utambuzi mbaya.

Kuhusu mkulima, nzi huyu hana upande. Atamla mbawakawa anayeharibu mazao na atamla nyuki anayechavusha maua, na haiwezekani kumpanga kuwa dawa ya wadudu waharibifu. Anayelima mapasheni ana sababu ya ziada ya kuwajali nyuki seremala, kwa kuwa ndio wachavushaji wakuu wa maua hayo makubwa, na huenda akamwona Hyperechia kuwa adui. Ushauri unaofaa ni kuwaongezea nyuki magogo makavu ya kutoboa. Kumwinda nzi kutaishia kwa kuua nyuki, kwa sababu mwenye chandarua cha kukamatia wadudu mkononi hawezi kuwatofautisha wakiwa angani.

Nipige picha gani ili mtu mwingine aweze kunisaidia kumtambua?

Picha moja ya kupendeza kutoka juu haitoshi, na wataalamu wengi hulazimika kuijibu kwa jina la familia tu. Piga ya ubavuni ambayo kichwa kinaonekana chote, lenzi ikiwa imelenga kwenye kipapasio na kwenye mrija. Piga ya mbele inayoonyesha uso, rangi ya masharubu na ndevu, kwa kuwa rangi hizo hutumika kutenganisha spishi. Piga ya juu mabawa yakiwa yametandazwa au angalau yakiwa hayajapishana, ili chumba cha ukingo kionekane. Miguu ya nyuma isisahaulike, hasa unene wa mapaja.

Sogea polepole ukiwa umeinama, na usiruhusu kivuli chako kimpite. Akiruka usimfuate mara moja. Subiri karibu na mahali alipokuwa, kwa sababu wengi hurudi kwenye kituo kilekile. Andika pia mahali, tarehe, saa, aina ya mti au mbao aliyotua, na windo alilolishika kama lipo. Windo likipigwa picha pamoja na mwindaji wake ni taarifa yenye thamani ya kisayansi, hata kama jina la nzi bado halijapatikana.

Je, ninaweza kufika hadi jina la spishi peke yangu?

Kwa Laphria flava katika misitu ya Uskoti, ndiyo, kwa kuwa hana wa kumchanganya naye huko. Kwa Hyperechia wa Afrika Mashariki ni vigumu zaidi. Rangi ya manyoya hutofautiana kati ya dume na jike, na spishi mbili zinazoiga nyuki yuleyule zinaweza kukaribiana sana kwa sura. Utambuzi wa uhakika hutegemea viungo vya uzazi vya dume, ambavyo huchunguzwa chini ya darubini na kulinganishwa na vielelezo vilivyohifadhiwa. Sehemu kubwa ya kazi ya kuwapanga nzi wanyang'anyi wa Afrika kusini mwa Sahara ilifanywa na Jason Londt wa jumba la makumbusho la Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwa kupitia jenasi moja baada ya nyingine, na funguo za utambuzi alizoandika ndizo mahali pa kuanzia.

Kwa aliye Kenya, Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu, na mwenye picha nzuri au kielelezo anaweza kuomba kulinganisha. Kukusanya wadudu kwa ajili ya utafiti kunahitaji kibali: nchini Tanzania vibali vya utafiti hutolewa kupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti wa wanyamapori huihusisha pia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Hifadhi za misitu na za taifa zina masharti yake ya ziada, na kuingia na chandarua bila ruhusa ni kosa hata kama unayemtafuta ni nzi. Asiye na kibali aridhike na picha, aandike "Hyperechia" bila jina la pili pale ushahidi unapokomea, na aambatishe picha ya kipapasio ili atakayekuja baadaye aweze kuendelea kutoka hapo.